Neno la Mlangoni

(Hotuba niliyoitoa mbele ya walimu, wazazi na walezi. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema, ila nimepunguza marudio.)

Mwenyekiti, walimu wenzangu, wazazi na walezi, hamjambo.

Nianze kwa kumshukuru aliyepanga viti. Nimehudhuria mikutano mingi ya shule ambamo walimu hukaa juu kwenye jukwaa kama mahakimu, na wazazi hujipanga chini kama watu waliokuja kusikia hukumu. Leo mmechanganyikana. Hata nikitaka kusema jambo la kuupendeza upande mmoja, sijui nitazame wapi.

Nimefundisha miaka mingi na sasa nimestaafu, kwa hiyo naweza kukiri mambo bila kuogopa barua ya onyo. La kwanza kukiri ni hili: kwa zaidi ya nusu ya miaka hiyo niliamini kwamba najua kuzungumza na wazazi. Nilikuwa na sauti ya upole, daftari la alama lililopangika, na maneno ya kutosha. Siku niliyogundua kwamba sijui chochote naikumbuka vizuri, kwa sababu niliaibika.

Darasani kwangu kulikuwa na binti wa miaka tisa. Hakuwa mtukutu, hakuwa mtoro. Ila ukimwuliza swali anakutazama tu, na akijibu, anajibu swali jingine kabisa. Wenzake walicheka, na mimi, Mungu anisamehe, nilitabasamu mara moja au mbili. Kwenye ripoti ya muhula nikaandika: "Hana usikivu. Ajitahidi." Kisha nikamwita mama yake.

Mama alikuja kwa saa niliyompa. Nikamkaribisha kiti, nikafungua daftari, nikaanza. Nilizungumza robo saa nzima: alama za mwezi uliopita, alama za mwezi huu, kazi ambazo hazikukamilika, umuhimu wa kumsimamia mtoto nyumbani. Mama akaitikia, "Ndiyo, mwalimu. Nimesikia, mwalimu. Nitamwambia, mwalimu." Nikamwuliza kama ana swali. Akasema hana. Akanyanyuka, akaniaga, akashika kitasa. Halafu, kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha mwavuli, akageuka: "Samahani, mwalimu, sijui kama ina maana. Sikio lake la kushoto halisikii vizuri tangu alipougua akiwa mdogo. Nyumbani huwa tunamsemesha kwa upande wa kulia."

Mtoto yule nilikuwa nimemkalisha nyuma kabisa, dawati la mwisho la upande wa kulia. Sikio lake zima lilikuwa linasikiliza ukuta.

Nilimhamisha siku iliyofuata. Sitawadanganya kwamba akawa wa kwanza darasani. Alibaki mtoto wa kawaida, wa katikati, lakini sasa alijibu swali aliloulizwa. Na lile neno langu, "hana usikivu", likaniuma kwa muda mrefu, kwa sababu lilikuwa kweli tupu na mwandishi wake hakujua alichoandika.

Tangu siku ile nikaanza kusikiliza kinachosemwa mlangoni. Nikaona kwamba si yule mama peke yake. Mzazi anakaa dakika ishirini akiitikia, kisha mkono ukishika kitasa ndipo linatoka. "Mwalimu, baba yake hayupo nyumbani tangu mwezi uliopita." "Mwalimu, anaogopa vyoo vya hapa, ndiyo maana hataki kunywa maji mchana kutwa." Mmoja alinichekesha na kunihuzunisha kwa pamoja: "Mwalimu, mimi kusoma sijui. Zile barua zenu huwa ananisomea yeye mwenyewe." Nikafikiria barua tatu za malalamiko nilizokuwa nimempelekea. Nikamwuliza zilisema nini. Kumbe zote zilikuwa zikimsifu mtoto.

Nimejiuliza sana kwa nini maneno yenye uzito husubiri mlango. Sababu iliyo dhahiri ni sisi walimu. Tunaongea mno. Tunamwandikia mtu aje "tujadiliane", akifika tunamsomea. Mjadala ukiwa na msemaji mmoja na mwitikiaji mmoja, hiyo ni hotuba, kama hii yangu, ila mimi leo angalau nimepewa ruhusa.

Sababu nyingine imo ndani ya mzazi mwenyewe, na haina uhusiano na mwalimu aliye mbele yake. Baba mmoja, fundi mwashi, mwanamume wa miaka arobaini na mitano mwenye mikono kama mbao, aliniambia kwamba kila akivuka lango la shule tumbo humsokota. Hakuwa na deni la shule, mwanawe hakuwa na kesi. Ni shule tu, shule yoyote, inamrudisha kwenye siku alizokuwa akisimamishwa mbele ya wenzake. Sara Lawrence-Lightfoot, aliyekuwa profesa wa Harvard na aliyechunguza kwa makini vikao vya mzazi na mwalimu, anaeleza kwamba katika chumba kile hawaingii watu wawili tu. Kila mmoja huja na utoto wake, na kila mmoja ana walimu wake wa zamani waliosimama nyuma ya kiti. Mwalimu naye ni hivyo hivyo. Nimewaona walimu vijana wakitetemeka mbele ya mzazi mwenye suti, wakirudi kuwa wanafunzi palepale.

Lakini sababu inayonisumbua zaidi imo katika maneno ya yule mama: "sijui kama ina maana." Alikuwa na habari ambayo ilikuwa na thamani kuliko daftari langu lote, na alidhani si habari. Alidhani maarifa ni yale yenye namba. Nani alimfundisha hivyo? Tulimfundisha sisi, kwa kila kikao tulichokianza kwa kufungua daftari.

Mwalimu anamjua mtoto katikati ya watoto arobaini wa rika lake. Hilo mzazi hawezi kulijua: kwamba kusoma kwa kusitasita katika umri huu ni kawaida au si kawaida, kwamba ukimya huu umezidi. Mzazi anamjua mtoto mmoja, lakini anamjua tangu alipozaliwa, usiku na mchana, akiwa na homa na akiwa na furaha. Maarifa haya mawili hayashindani, kwa sababu hayafanani. Katika jiji la Tucson, Arizona, mtafiti Luis Moll na wenzake waliwapeleka walimu majumbani mwa familia za wafanyakazi wenye asili ya Mexico. Hawakupelekwa kutoa mawaidha. Walipelekwa kujifunza, kama mwanafunzi anavyokwenda kwa fundi. Wakakuta watu wanaojua kilimo na ujenzi, wanaotengeneza mitambo, wanaofanya biashara na kuweka hesabu zake, wanaojua tiba za mimea, katika nyumba ambazo shule ilikuwa ikiziona hazina kitu cha kumpa mtoto. Mwaka 1992 walichapisha waliyoyaona, na wakayaita hazina za maarifa. Baadhi ya walimu wale walirudi wakaandaa masomo kutokana na waliyoyakuta.

Sasa nije kwenye jambo ambalo, mtu akiniambia nichague moja tu katika yote niliyosoma na kuyajaribu, ndilo nitakalochagua.

Mwaka 1968 daktari wa magonjwa ya akili wa Chuo Kikuu cha Yale, James Comer, alianza kazi katika shule mbili za msingi mjini New Haven, Marekani. Zilikuwa miongoni mwa shule za mkiani kabisa mjini, kwa alama na kwa mahudhurio. Aliyoyakuta yanafahamika kwa kila aliyewahi kukaa ofisi ya walimu: walimu wanawalaumu wazazi, wazazi wanawalaumu walimu, na watoto wanajifunza kwamba watu wazima hawaaminiani. Comer akaunda kamati ya kuendesha shule iliyokuwa na mwalimu mkuu, walimu na wazazi ndani yake, na akaipa kanuni tatu. Mbili ni za kawaida: kushirikiana katika kazi, na kuamua kwa maafikiano badala ya kupiga kura, ili asiwepo aliyeshindwa. Ya tatu ndiyo ngumu: katika kutatua tatizo, hakuna kumtafuta mwenye kosa.

Nilipoisoma mara ya kwanza niliona ni ulegevu. Makosa yapo, na wenye makosa wapo! Baadaye nikaijaribu. Ilinichukua muda kuona kwamba kanuni hii haisemi kwamba hakuna mwenye kosa. Inasema kwamba saa moja tuliyo nayo tukiitumia kumtafuta, tutampata, na mtoto atabaki vile vile alivyokuwa tulipoingia.

Comer hakuyatoa haya vitabuni tu. Alizaliwa katika familia ya kibarua wa kiwanda cha chuma, na mama yake, aliyefanya kazi za ndani, alipata shule kwa muda mfupi sana. Watoto watano wa mama huyo wote wakafika vyuoni. Comer anasimulia kuhusu rafiki zake watatu wa utotoni, wenye akili kama yake, waliokaa naye madarasa yale yale, ambao maisha yao yaliharibika. Swali lake la maisha lilikuwa: tofauti ilitoka wapi, kama si kwenye akili? Jibu alilolifikia ni kwamba kwa akina Comer nyumba na shule zilikuwa zikiongea.

Tunayo methali yetu: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Nimeisikia ikirushwa kwenye vikao vya nidhamu mara nyingi kiasi kwamba nadhani mama wengine hujiziba masikio wakiingia. Ina kweli yake. Lakini ukimtamkia mama aliyeitwa ofisini, aliyekwisha kuona aibu kupita mbele ya madirisha ya madarasa, umeshatoa hukumu na kesi haijasikilizwa. Baada ya hapo atakujibu "ndiyo, mwalimu" mpaka jioni, na hata mlangoni hatasema kitu. (Na mkiiangalia vizuri methali ile, baba hamo kabisa. Sijui yeye alikwenda wapi.)

Kuaminiana si jambo la hisia tu, limepimwa. Anthony Bryk na Barbara Schneider walifuatilia shule za msingi za Chicago katika miaka ya 1990, wakati jiji lile likijaribu kuzifufua. Walichunguza imani kati ya walimu na walimu, walimu na mkuu wao, walimu na wazazi. Shule zilizokuwa na imani ya juu, moja katika kila mbili ilikuwa katika kundi la zilizopandisha matokeo. Shule zenye imani ya chini, ni moja katika kila saba. Na walipoeleza imani hiyo inajengwa na nini, wakaanza na heshima, na heshima kwao ilikuwa hasa kusikilizwa: kwamba nikisema, unanisikia, hata kama mwishoni hutakubaliana nami. Mengine waliyoyataja ni kujali zaidi ya wajibu, kuijua kazi yako, na kutenda ulichosema. Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji bajeti.

Tuje kwenye simu. Wazazi, niambieni kweli: simu ikiita ukaona inatoka shuleni, jambo la kwanza unalouliza ni lipi?

Naona mnacheka. "Amefanya nini?" Hakuna anayeuliza "amefaulu nini?", kwa sababu hakuna aliyewahi kupigiwa kwa hilo. Tumewafundisha wazazi kuiogopa namba yetu, kisha tunawalaumu kwamba hawapokei.

Matthew Kraft na Todd Rogers walichapisha mwaka 2015 matokeo ya jaribio dogo nililolipenda kwa udogo wake. Wanafunzi 435 wa sekondari walikuwa wakirudia wakati wa likizo masomo waliyofeli. Wazazi wa baadhi yao walipata kutoka kwa mwalimu ujumbe wa sentensi moja kwa wiki, sentensi moja tu. Kwa waliokosa ujumbe, asilimia 15.8 hawakufaulu somo. Kwa waliopata, asilimia 9.3. Na kilichosaidia zaidi hakikuwa ujumbe wa sifa, "anafanya vizuri", bali ule uliosema kitu gani kirekebishwe: "Wiki hii hakuleta kazi mbili, zungumza naye." Mzazi akiambiwa jambo mahususi huwa na la kusema mezani jioni. Akiambiwa "ajitahidi", atasema nini? Atasema "jitahidi". Mtoto ataitikia "sawa", na mazungumzo yamekwisha.

Rogers huyo huyo, pamoja na Avi Feller, alichunguza utoro jijini Philadelphia. Wazazi wengi walikuwa hawajui mtoto amekosa siku ngapi. Walidhani ni chache kuliko zilivyo, na si kwa uzembe, maana siku moja mwezi huu na mbili mwezi ujao hazikai kichwani mwa mtu. Barua za kawaida za posta zilizotaja idadi yenyewe zilipunguza utoro sugu kwa asilimia kumi au zaidi. Walimu tunayo namba hiyo kwenye rejista kila asubuhi, tunaiweka kabatini, kisha mwisho wa mwaka tunaitoa kama ushahidi.

Nina ushauri mmoja hapo ambao nitauweka wazi kuliko mingine. Mwalimu wa darasa ampigie au amwandikie kila mzazi mara moja katika wiki tatu za mwanzo wa mwaka, kabla ya kosa lolote, kumweleza kitu kimoja alichokiona kwa mtoto wake. Kiwe cha kweli na kiwe cha mtoto huyo: "Jana aligawa kalamu zake kwa jirani yake bila kuambiwa." Walimu najua mnahesabu: watoto arobaini, simu arobaini. Ni kweli. Nilikuwa nikipiga tatu kila siku ya kazi, nikimaliza ndani ya wiki tatu. Na sitaficha kwamba mwaka mmoja nilichoka katikati, nikaacha. Mwaka ule wote nilijuta, kwa maana kila simu ya tatizo ilianza kwa ugomvi.

Kuhusu kutembelea nyumbani nitasema machache, kwa kuwa si kila shule inaweza. Mjini Sacramento, California, mwaka 1998 wazazi na walimu waliokuwa wamechoka kulaumiana walianzisha utaratibu wa walimu kuzitembelea familia, na umeenea mbali tangu hapo. Nguvu yake imo katika masharti. Mwalimu na familia wote wanakubali kwa hiari. Walimu wanakwenda wawili wawili, na wanalipwa kwa muda wao. Hawachagui nyumba za watoto wenye matatizo peke yake, maana mtaa mzima ungejua kwamba gari la walimu likisimama kwako una kesi. Na ziara haianzi na alama. Wanamwuliza mzazi: una matumaini gani kwa mtoto wako? Yaani, neno la mlangoni limepelekwa mwanzo.

Na hapo ndipo ninapotaka kuwafikisha, walimu wenzangu. Hamhitaji kusafiri. Panguseni meza. Daftari lifungwe. Kiti cha mzazi kisiwe upande wa pili wa meza kama wa mshtakiwa, kaeni pembeni kwa pembeni, karatasi iwe mbele yenu wote. Kisha uliza: "Niambie kuhusu mtoto wako. Ni kitu gani wewe unakijua ambacho mimi sijakiona?" Halafu, na hili ndilo gumu kuliko yote niliyosema leo, nyamaza. Mzazi hatajibu haraka. Hajawahi kuulizwa. Atakutazama kuona kama ni mtego. Utahisi ukimya ule ni mrefu kama kipindi cha hesabu, utatamani kuujaza. Usiujaze. Mimi nilikuwa nikijibana kidole chini ya meza.

Tahadhari moja tu. Kuna maneno ambayo mwalimu akiyasikia hawezi kubaki nayo. Mtoto akiwa anaumizwa, nyumbani au shuleni, hakuna siri kati yangu na mzazi wala kati yangu na mwalimu mwenzangu, na ni haki kumweleza mzazi hivyo kabla hajaanza kufunguka. Ushirikiano unaomfunika anayemdhuru mtoto ni kula njama.

Sasa wazazi, msidhani nimewasahau. Nimewatetea, basi nipeni ruhusa ya kuwasema.

Mnamsema mwalimu vibaya mbele ya mtoto, kisha mnashangaa mtoto hamheshimu. Ukiwa na neno na mwalimu, mpelekee mwalimu. Usianzie kwa mwalimu mkuu, na kwa jina la Mungu usianzie kwenye kundi la wazazi kwenye simu saa nne za usiku. Nimeona kosa dogo la kusahihisha daftari likageuka vita ya siku tatu kwenye kundi la aina hiyo, na mwalimu mwenyewe hakuwamo. Alikuja kusikia kwa mpishi.

Pia msichukue kila anachosimulia mtoto kama ushahidi uliokamilika. Hasemi uongo, anasimulia alichokiona akiwa ndani yake. Nilikuwa na kawaida ya kuwaahidi wazazi kwenye kikao cha kwanza: "Sitaamini yote anayonisimulia kuhusu nyumbani kwenu, nanyi msiamini yote anayowasimulia kuhusu darasani kwangu." Walicheka, ila mkataba ule uliniokoa mara kadhaa.

Na kuna mzigo ambao nataka niwatue. Wengi wenu mnaona haya kwa sababu hesabu za mtoto zimewapita. Tulieni. Mwaka 2009 Nancy Hill na Diana Tyson walizikusanya tafiti zipatazo hamsini kuhusu watoto wa umri wa kati, wale wanaoelekea ujana. Kumsaidia mtoto kufanya kazi zake za nyumbani hakukuonekana kuleta faida, na mara nyingine kulikwenda pamoja na alama za chini. Kilichokwenda pamoja na mafanikio kuliko vingine ni mzazi kumzungumzisha mtoto: elimu hii ina faida gani, unataka kufika wapi, haya unayosoma yanahusianaje na huko unakotaka. Hayo hayahitaji mzazi aijue aljebra. Yanahitaji muda, na najua kwamba muda nao ni ghali kwa mtu anayetoka alfajiri na kurudi usiku. Lakini dakika kumi za kumwuliza mtoto "leo ulikwama wapi?" ni bora kuliko saa nzima ya kumfokea juu ya daftari.

La mwisho ni la viongozi wa shule. Tunapenda kuwaita wazazi tunapotaka mikono au mifuko: wajenge, wachange, wapake rangi. Siyakatai hayo. Mwaka 1945, siku chache baada ya vita kwisha, wanakijiji wa Villa Cella karibu na Reggio Emilia, Italia, waliamua kujenga shule ya watoto wadogo kwa mikono yao. Fedha walizipata kwa kuuza kifaru cha vita, malori na farasi walioachwa na jeshi la Wajerumani lililokuwa likirudi nyuma. Kijana mmoja mwalimu, Loris Malaguzzi, alisikia, hakuamini, akapanda baiskeli kwenda kujionea. Alibaki na kazi ile maisha yake yote, na shule za Reggio Emilia leo hutembelewa na walimu kutoka kila pembe ya dunia. Ninachowaomba mkione katika kisa hiki ni kwamba wale wazazi hawakuuza kifaru wakakabidhi fedha na kurudi nyumbani kusubiri kuitwa. Walikuwa na la kusema kuhusu mtoto afundishweje, na shule zile zimeendelea kuwapa nafasi ya kulisema. Mzazi anayeulizwa tu "utachanga kiasi gani?" atajifunza kukwepa. Nami ningekwepa.

Nimesema mengi kuliko nilivyokusudia, na nimewakataza wengine kusema mengi. Basi.

Chini ya kila kiti kuna karatasi. Wazazi na walezi, andikeni jambo moja kuhusu mtoto wenu ambalo mnadhani mwalimu wake halijui, hata kama hamjui kama lina maana. Walimu, nanyi mna karatasi: andikeni swali moja ambalo mngependa kumwuliza mzazi, ila liwe swali ambalo kweli hamna jibu lake. Mkimaliza, tafutaneni mbadilishane. Kalamu zinapita kuanzia nyuma. Asiyependa kuandika amnong'oneze aliye karibu naye amwandikie, mradi asimpe mtoto wake.